Viwavi wa kabichi hawasikii dawa tena, nataka kutumia wadudu rafiki, nianzie wapi?

Majani_Mapana:

Wakuu habari zenu, naomba nielekezwe na wenye uzoefu. Nina kabichi, pembeni yake pilipili hoho, zote shamba la wazi, na nyanya ziko ndani ya kitalu nyumba. Kwenye kabichi kuna hawa viwavi wadogo wembamba wa kijani, ukimgusa anajipindapinda anarudi nyuma kwa kasi halafu anajiachia ananing'inia kwenye uzi. Wanakula jani kwa chini wanabakiza kile kiutando cha juu kinachopitisha mwanga, baada ya siku chache kinachanika jani linabaki matundu matundu. Natumia dawa za jamii ya pirethroidi, zamani zilikuwa zinawaangusha siku hiyo hiyo ila sasa hivi unapulizia jioni, asubuhi unawakuta wanaendelea kula, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba vidukari ndo wameongezeka kuliko kabla sijapulizia.

Nimesoma sana habari za kutumia wadudu kuua wadudu na nimeamua nataka kwenda huko, kwa sababu hizi mboga zinaliwa na watu na bomba nalibeba mimi mgongoni. Maswali yangu: hii kitu inafanya kazi shamba la wazi au ni ya kitalu nyumba tu? Hao wadudu wakimaliza viwavi hawatageukia mboga? Na hizi dawa za bakteria na fangasi zinawaacha hao wadudu rafiki au nao wanakufa? Karibuni.

Shamba_Darasa:

Mkuu huyo ni nondo mgongo almasi, kitaalamu Plutella xylostella, hiyo tabia ya kurudi nyuma na kuning'inia ndo kitambulisho chake. Na usishangae dawa kushindwa, huyu mdudu ana historia. Alishajulikana kuwa sugu kwa DDT, dawa ya zamani ya kuulia wadudu, kule Java mwaka 1953, na mwaka 1990 ikaripotiwa kutoka Hawaii kwamba amekuwa sugu hata kwa Bt (dawa ya bakteria ya kuulia viwavi) mashambani, mdudu wa kwanza kabisa kufanya hivyo. Kwenye joto anamaliza mzunguko wote, yai mpaka nondo, ndani ya wiki mbili tatu hivi, kwa hiyo msimu mmoja wa kabichi unapata vizazi kadhaa na kila ukipulizia dawa ile ile unabakiza wale wenye uwezo wa kuihimili wazaliane wao kwa wao.

Sasa hapo kwa vidukari kuongezeka baada ya dawa, hapo ndo pa kuanzia, manake jibu lako lote lipo hapo. Pirethroidi inaua kila kinachotembea, na wale wanaokula vidukari na wanaotaga ndani ya viwavi wanakufa kirahisi kuliko mdudu mharibifu mwenyewe. Mabaki yake kwenye jani yanaendelea kuwaua hata wiki kadhaa, kinyigu anatua tu kutafuta kiwavi basi kaisha. Vidukari waliobaki wanazaliana bila mtu wa kuwasumbua, kidukari jike hahitaji hata dume, anazaa watoto hai moja kwa moja. Hili si la kabichi tu, Indonesia waliliona kwenye mpunga na mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye zao hilo kwa sababu upuliziaji ulikuwa unamwongeza mdudu wa mpunga badala ya kumpunguza.

Shamba la wazi inafanya kazi, sana tu. Kwa huyu nondo kuna vinyigu wawili maarufu, Diadegma semiclausum anapenda maeneo ya baridi, na Cotesia vestalis anaweza joto. Huyo Diadegma aliletwa Kenya kutoka Taiwan na icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, akaachiwa mwaka 2002 kwenye vilima vya Taita kwa wakulima wa kabichi wa kawaida, akaweka makazi na kusambaa mwenyewe. Jike anamchoma kiwavi anaingiza yai, kiwavi anaendelea kula kama hajapatwa na kitu, anasuka kile kivazi chake cha nyuzi nyepesi, halafu badala ya kutoka nondo anatoka nyigu.

Unaweza kumwona kwa macho yako. Geuza majani ya chini utafute vile vivazi vya wavu mwembamba. Kama ndani unaona pupa mwenyewe (kiwavi aliyetulia anageuka kuwa nondo), wa kijani au kahawia, amelala wazi unamwona mpaka umbo, huyo atakuwa nondo. Kama ndani ya huo wavu kuna kitu kingine kigumu kimefungwa pande zote, umbo la kapipa kadogo, huoni ndani, huyo ni Diadegma na tafadhali sana usimguse. Hesabu mimea ishirini hivi ya hapa na pale shambani uone kapipa ni mangapi na pupa wa nondo ni wangapi, utajua una jeshi au huna kabla hujatafuta wadudu wengine wa kuleta.

Bustani_ya_Bibi:

Naongezea hapo kwenye kutambua maana watu wengi wanaua marafiki zao kwa mikono yao kabisa, inaniuma kila nikiona. Wale mende wadogo wa duara wekundu wenye madoa kila mtu anawajua, ila watoto wao hawajulikani. Mtoto wake ni mrefu mweusi ana mabaka ya rangi ya chungwa, ana miguu sita na mwili wa magamba magamba, ukimwangalia ni kama mamba mdogo, watu wakimwona juu ya jani wanamsaga fasta wakidhani ndo mharibifu. Huyo anakula vidukari kutwa nzima. Mayai yao ni ya njano yamesimama wima yamebanana kwenye fungu chini ya jani, karibu na vidukari.

Kuna mwingine anatoka kwa wale nzi wenye mistari ya njano na nyeusi wanaoganda hewani mbele ya maua, watu wanadhani nyuki. Funza wake hana miguu, kichwa kimechongoka, anajikokota katikati ya vidukari, anamnyanyua mmoja juu anamfyonza mpaka anabaki gamba tupu analitupa. Kaa umwangalie dakika chache tu utaelewa kwa nini nasema dawa ni hasara. Na mayai yaliyosimama kila moja juu ya unywele mrefu mweupe, usiyafute ukidhani ni ukungu, ni ya mdudu mwenye mabawa ya kijani ya wavu, watoto wake wana mataya ya kushika vidukari, na yule mama anaweka mayai juu ya nywele ili wanaotangulia kuanguliwa wasiwale wenzao.

Swali lako la kwamba watageukia mboga, kwa vinyigu hapana, kinyigu mtoto anaishi ndani ya mdudu mwenzake tu, na mkubwa anakunywa nekta ya maua, hana meno ya kula kabichi. Wakikosa wadudu wanakufa au wanahama. Ila kwenye wale mende wa madoa hapo uwe makini, kuna ndugu zao kundi la Epilachna wanakula majani kweli, ya bilinganya, maboga, matango, maharage. Utamjua kwa mgongo, yule rafiki anang'aa, huyu mla majani amefifia ana vinywele vifupi, na watoto wake ni wa njano wana miiba yenye matawi mwili mzima. Jani walilopitia linabaki na mistari mistari ya kukwanguliwa. Hao waokote.

Halafu sisimizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mche wenye vidukari ujue wanalinda, wanakunywa yale majimaji matamu na wanafukuza kila anayekuja kula vidukari. Unaweza kuleta marafiki wa dunia nzima kama hujashughulika na sisimizi kwanza unajichosha tu.

Majani_Mapana:

Asanteni sana aisee nimejifunza mengi. Nimeenda shambani asubuhi hii kwenye pilipili hoho nimekuta vidukari baadhi wamevimba wamekuwa na rangi ya khaki hivi, wagumu, wamegandia kwenye jani hawatembei, na wengine wana kitundu mgongoni. Hii ni nini, ugonjwa? Na huko kwenye kitalu nyumba nyanya zina nzi weupe wengi, ukitikisa mche wanaruka, majani ya chini yananata na yameanza masizi meusi.

Bustani_ya_Bibi:

Huo siyo ugonjwa ndugu yangu, hizo ndo habari njema zenyewe! Hao ni vidukari waliotagiwa na vinyigu, kundi la Aphidius mara nyingi. Mtoto wa nyigu amemla kidukari kwa ndani amebakiza ganda, akajifungia humo. Mwenye kitundu tayari nyigu ameshatoka. Angalia hicho kitundu kwa karibu, kama ni cha duara safi kabisa, wakati mwingine na kifuniko chake kimening'inia pembeni, ametoka nyigu rafiki. Kama kingo zimekwanyuka hazina mpangilio, basi ametoka nyigu mwingine anayemla huyo rafiki, wapo pia, wakizidi sana nguvu ya marafiki inashuka. Majani yenye hao wa khaki usiyachume ukayachoma moto, yaache hapo hapo shambani.

Kitalu_Nyumba:

Kwa nyanya za ndani nichangie mimi maana ndo eneo langu. Nzi weupe wa kitalu nyumba, yaani Trialeurodes vaporariorum, wana adui anaitwa Encarsia formosa, kinyigu kidogo mno hakifiki hata milimita moja. Ni mkongwe kwenye hii kazi, mwaka 1926 huko Uingereza mtunza bustani aliona vigamba vya nzi weupe kwenye nyanya vimekuwa vyeusi badala ya vyeupe, vikapelekwa kituo cha utafiti cha Cheshunt, wakagundua ni huyu nyigu, wakaanza kumzalisha na kumsambaza kwa wakulima. Ilipoingia DDT baada ya vita vya pili watu wakamwacha, miaka ya 1970 dawa zilipokuwa zimeanza kushindwa wakamrudia. Mpaka leo namna ya kumkagua ni ile ile, geuza jani la chini, kigamba cheusi kina nyigu ndani, cheupe bado ni nzi.

Ila uelewe masharti yake. Anaanza kuruka vizuri joto likivuka nyuzi 18 hivi, chini ya hapo anatembea tu kwenye jani kwa hiyo hawezi kukimbizana na nzi. Pia anaingia mapema, wakati nzi ni wachache. Wewe umeshafika hatua ya majani kunata na masizi meusi, hapo ukimwachia anazidiwa, ile asali ya nzi inamnasa na anapoteza muda kujisafisha miguu. Kwanza punguza idadi, toa majani ya chini yaliyojaa vigamba vyeupe yatoe nje kabisa ya kitalu, pulizia sabuni ya kuulia wadudu au mafuta mepesi ambayo hayaachi mabaki ya muda mrefu, ndo uwaachie. Na zile karatasi za njano za gundi ukiachia nyigu punguza, ziache chache za kuhesabia tu, zinawanasa na wao.

Watu watakwambia uweke utitiri (kadudu kadogo mno jamii ya buibui) mwindaji Amblyseius swirskii maana anakula mayai ya nzi weupe na thripsi (wadudu wembamba wadogo wanaofyonza majani na maua) pia. Kwenye hoho na matango ni mzuri kweli, hoho zikitoa maua anakula chavua anasubiri thripsi waje. Kwenye nyanya usimweke, vile vinywele vya nyanya vyenye gundi vinamshinda.

Ukiona majani yana vidoa vidoa vya njano na utando mwembamba chini hao ni utitiri mwekundu, mwindaji wao ni Phytoseiulus persimilis. Aligunduliwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye maua ya okidi yaliyotoka Chile. Kuwatofautisha chukua lenzi, mharibifu ana madoa mawili meusi ubavuni na anatembea taratibu, mwindaji ni rangi ya chungwa iliyoiva, hana madoa, ana miguu mirefu na anakimbia. Hakuna chakula kingine anachokula zaidi ya hao utitiri wafuma utando, kwa hiyo wakiisha naye anaisha, utamwachia tena wakirudi. Hewa ikiwa kavu sana mayai yake hayaanguliwi vizuri kwa hiyo unyevu usiuache ushuke chini ya asilimia 60.

Mpanda_Mbegu:

Samahani wadau mimi naomba tusiende mbio. Mnazungumzia kuleta wadudu, sasa tusisahau vyura wa miwa waliopelekwa Australia mwaka 1935 kuua mende wa miwa, mende hawakuisha na vyura wakawa janga lenyewe, sumu yao inaua wanyama wanaowala mpaka leo. Na wale mende wa madoa wa Asia, Harmonia axyridis, waliopelekwa Marekani na Ulaya kula vidukari wamesambaa wanawabana wale wa asili. Mtu akisoma hapa ataenda kujibebea mdudu kutoka nchi nyingine kwenye chupa.

Shamba_Darasa:

Umesema kitu cha maana sana na nakuunga mkono, mtu asivushe mdudu mpaka mwenyewe, hiyo ni kazi ya taasisi zenye kibali na karantini. Tofauti ipo kwenye uchaguzi wa mdudu. Chura anakula chochote kinachoingia mdomoni na hakuna aliyempima kabla hajaachiwa. Ukichukua mfano wa kidung'ata wa muhogo, kale kadudu keupe kama unga kanakofyonza mmea, aliingia Afrika miaka ya 1970 akala mihogo nchi nyingi, watafiti wakarudi alikotokea Amerika Kusini wakampata kinyigu Apoanagyrus lopezi Paraguay, wakampitisha karantini kwanza, ndo akaachiwa Nigeria mwaka 1981. Kinyigu huyu anamtegemea huyo kidung'ata kuzaliana, hana habari na wengine. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kwa hiyo swali la kuuliza siku zote ni huyu mdudu anakula nini kingine, jibu likiwa "kila kitu" achana naye.

Kwa Majani_Mapana hii hata haimhusu kwa sasa, marafiki anao tayari shambani kwa maelezo yake mwenyewe. Mpango wake ni kuacha pirethroidi, kupanda giligilani na bizari kwenye kingo na kuziacha zitoe maua, kwa sababu vile viua vidogo nekta yake iko juu juu na vinyigu wenye midomo mifupi wanaifikia, na wale nzi wa mistari wanataka chavua ndo watage. Viwavi wakizidi hapo katikati atumie Bt.

Na Bt wengi wanaitumia vibaya halafu wanasema haifanyi kazi. Hii ni bakteria, Bacillus thuringiensis, haiui kwa kumgusa mdudu, lazima aile. Ikifika tumboni mwake ambako kuna alkali, ile protini inayeyuka inatoboa ukuta wa utumbo. Anaacha kula ndani ya masaa machache ila kufa ni siku mbili tatu, kwa hiyo usiangalie maiti kesho yake asubuhi, angalia kama jani limeendelea kuliwa. Pulizia jioni kwa sababu jua linaiharibu haraka, elekeza nozeli chini ya jani, na kwa kabichi weka kiambata (kitu cha kuifanya dawa igande kwenye jani) maana lile jani lina nta maji yanateleza yote yanaishia chini. Wapige wakiwa wadogo, mkubwa hana shida nayo sana. Vinyigu, mende wa madoa na nyuki haiwadhuru, ila kiwavi mwenye mtoto wa nyigu ndani akifa mapema na mtoto naye anakufa, ndo maana nasema hesabu yale mapipa kwanza, ukikuta mengi mpe nyigu nafasi usipulizie kabisa. Ukilazimika kurudia rudia badilisha kati ya aina mbili za Bt, kurstaki na aizawai, usije ukatengeneza usugu.

Majani_Mapana:

Nimeelewa vizuri sana mkuu, giligilani naweka wiki hii. La mwisho, fangasi ya Beauveria kwa ajili ya nzi weupe na thripsi naweza kuichanganya kwenye bomba moja na dawa ya bakajani (ugonjwa wa kuoza majani)? Maana kwenye nyanya bakajani haikwepeki na mvua zikianza napulizia mankozebu.

Kitalu_Nyumba:

Usichanganye kabisa. Beauveria bassiana ni fangasi hai, mbegu zake zinaota juu ya ngozi ya mdudu zinapenya mpaka ndani, na mankozebu kazi yake ni kuua fangasi, haichagui wa bakajani na wa kwako. Tenganisha kwa siku kadhaa, soma lebo ya bidhaa uliyonayo maana wanaandika siku ngapi, na bomba lisuuze vizuri likiwa limetoka kwenye mankozebu. Beauveria ipulizie jioni hewa ikiwa na unyevu, inahitaji masaa mengi ya unyevu ndo iote. Salfa nayo iangalie, inaumiza utitiri wawindaji na vinyigu ingawa wengi wanaiona ni dawa laini. Na kama umeweka Encarsia, Beauveria isipigwe kila sehemu, piga kwenye mistari yenye nzi wengi tu, vigamba vyeusi viache vitoe nyigu kwanza.